Bastola Isiyouma

Baba yangu ana kovu katika mkono wa kulia, kwenye ile nyama laini kati ya kidole gumba na cha shahada. Nilipokuwa mtoto nilidhani kila baba analo. Nilidhani ni kitu kinachowaota wanaume wakishaoa, kama upara. Siku nilipotazama mkono wa baba wa rafiki yangu nikaukuta hauna kitu, nilimhurumia rafiki yangu, nikampa nusu ya andazi langu.

Kovu hilo ni la bastola. Baba alikuwa mtunzaji wa uwanja wa shabaha katika klabu ya kampuni ya migodi, kule Katanga kwenye miji ya shaba. Wakubwa wa kampuni walikuwa na bwawa lao la kuogelea, meza zao za karata, na nyuma kabisa, penye ukuta wa udongo, mahali pao pa kulenga makaratasi. Bastola walizotumia zilikuwa za Wabeleji, chuma cheusi na mpini wa mti. Zilikuwa bastola nzuri ila ziliuma. Ukifyatua, chuma cha juu kinarudi nyuma kwa nguvu, kinaisukuma nyundo, na nyundo inabana ngozi ya mkono. Mwenye mikono minene alitoka pale akinyonya damu. Baba alisema bastola isiyouma haimjui mwenye nayo. Alisema mambo mengi ya namna hiyo, na mimi niliyaamini yote.

Jumatatu klabu ilifungwa kwa wanachama. Siku hiyo baba alisafisha bastola zote na kuzijaribu, na kwa kuwa mama alikuwa sokoni tangu alfajiri, alinichukua nikae naye. Hivyo ndivyo nilivyojifunza kulenga. Hakuna aliyekaa akaamua kwamba msichana ajifunze kulenga. Nilikuwepo tu, na risasi za majaribio zilikuwepo.

Mwanzoni niliogopa sana. Nilikuwa naziba masikio na kulia kabla hata bastola haijatolewa kwenye kitambaa. Basi baba akanitoa woga kwa njia yake. Sisemi ilikuwa njia ya busara. Nasema ndivyo alivyofanya. Bastola zile zilikuwa na kipande kidogo cha chuma ndani, na kipande hicho kilikandamizwa na kasha la risasi, lile ambalo yeye aliliita shajeri. Shajeri ikiwa ndani ya mpini, bastola ina uhai. Ukiichomoa, kifyatuo kinatengana na vyote vilivyo ndani, kinalegea kama jino la mtoto linalotaka kung'oka, na hata kama risasi moja imo tayari ndani ya chemba, nyuma ya mtutu, haiwezi kutoka. Baba aliniwekea risasi kwenye chemba mbele ya macho yangu, akachomoa shajeri, akanipa bastola niishike kwa mikono miwili. Kisha akafunika mdomo wa bastola kwa kiganja cha mkono wa kushoto.

"Vuta, mama," akasema. Alizoea kuniita mama, kama akina baba wa kwetu wanavyowaita binti zao. "Shajeri inatoka, roho inatoka. Vuta, usiogope."

Nikavuta. Haikutokea kitu. Kifyatuo kikaenda na kurudi bure, na baba akacheka, na woga wangu ukaisha siku ileile. Tukaufanya mchezo huo karibu kila Jumatatu, kabla ya kuanza kazi, kama watu wengine wanavyosali kabla ya kula. Sikumwona akinikazia macho hata mara moja. Alikuwa akiangalia pembeni, kwenye ndege au mawingu, mkono wake ukiwa mbele ya bastola yangu.

Wanachama wenyewe hawakukipenda kipande kile. Kwa sababu yake kifyatuo kilikuwa kizito na chenye mikwaruzo, unavuta kama unayetafuna mchanga. Na shajeri haikudondoka yenyewe. Ilibidi uivute kwa kucha. Wengine walimwomba baba akitoe kimyakimya. Alikataa, ingawa alikuwa mtu wa kukubali karibu kila kitu alichoambiwa na wakubwa. Alisema kipande kile ndicho kinachomrudisha nyumbani kila jioni.

Kisha mambo yakaharibika, kama yanavyoharibika kwetu, na bunduki zikawa za kila siku. Kaka yangu alipigwa risasi mlangoni kwetu na mtu ambaye hakumlenga hata kidogo, alikuwa anafyatua tu akipita. Mimi wakati huo nilikuwa nimeshaolewa huku Nchelenge, ng'ambo ya ziwa, upande wa Zambia. Nilipata habari kwa simu nikiwa na mikono imejaa magamba ya samaki. Nikaapa sitagusa tena chombo cha aina hiyo. Baba hakuapa kitu. Nilipomwuliza anawezaje kuzungumzia bastola baada ya yale, alinijibu kwamba ile haikuwa bastola, ile ilikuwa vita. Sijawahi kukubaliana naye na nadhani sitakubali.

Walimleta Mantapala, kambi ya wakimbizi isiyo mbali na hapa, pamoja na wengine waliovuka. Alipewa kipande cha shamba, akapanda karanga na muhogo, na karanga zikamshinda, kwa maana baba hakuwa mkulima na hakutaka kuwa. Mama alishafariki. Alipopata ruhusa ya kutoka nikamleta nyumbani kwangu, hapa ufukweni, ambako nauza chisense waliokaushwa, wale samaki wadogo kama vijiti. Mume wangu hushinda kisiwa cha Kilwa, humu ziwani, kwenye nyavu na harudi upesi. Baba nikampa kazi ya kufukuza mbuzi na ndege wasile samaki waliotandazwa mchangani. Nilidhani namsaidia. Mzee aliyewahi kuwa na funguo za chumba cha bastola akawa anazunguka na ufito akiwatukana mbuzi. Alipungua mwili, na siku nzima inaweza kupita bila kusema neno zaidi ya yale ya mbuzi.

Ndipo akatokea mwenye loji. Ni Mzambia, mtu mzima, mwenye tumbo la heshima, anayenunua samaki kwangu kwa ajili ya jiko lake. Loji yake iko kando ya ziwa, njia ya kwenda Chienge. Mtu huyo anapenda shabaha kama wengine wanavyopenda mpira, na alikuwa mwanachama wa kundi la walengaji huko Copperbelt. Alikuwa amepata ruhusa ya kufungua uwanja mdogo kwa wageni wake, polisi wakaja wakaukagua, wakakubali. Uwanja wenyewe ulitazama kichuguu kikubwa, kile cha mchwa kinachozidi nyumba kwa kimo, na nyuma yake hapakuwa na njia wala mtu. Alikuwa amenunua bastola mpya iliyotengenezwa kwa sura ya ile ya zamani ya Wabeleji. Alipojua baba yangu alikuwa nani, alikuja mpaka kwenye samaki wangu akasimama.

"Mayo," akaniambia kwa Kiswahili chake cha sokoni, akiniita mama na baba yangu babu kwa lugha yake, "shikulu alikuwa anachunga ile ya kala. Akuye aone hii ya mupya. Aniambie kama iko muzuri kweli ao balinidanganya. Kama anajua, atanichungia uwanja. Iko na nyumba kidogo pale, atalala."

Sijui kama alijua alichokuwa anampa. Baba alisikia kila neno akiwa kati ya mbuzi. Aliweka ufito chini pale pale, na hakuuokota tena siku ile. Jioni alifua koti lake la kaki, lile la klabu, ambalo alivuka nalo ziwa wakati wengine walivuka na masufuria. Lilikuwa limepauka mpaka limekuwa rangi ya uji. Aliniomba pasi ya mkaa. Nilimwangalia akinyoosha kola, mikono ikitetemeka, na nikajisikia vibaya, maana niliona jinsi anavyoitaka kazi hiyo, na mtu wa umri wake hastahili kutaka kitu kiasi kile.

Mikono ndiyo iliyokuwa tatizo. Ilianza kutetemeka huko Mantapala. Hawezi kumimina chai bila kuloanisha meza. Njiani kwenda loji alitembea mbele yangu kama kawaida yake, akasema bila kugeuka:

"Mukono yangu hainasikia tena. Weye njo utapiga. Miye nitasema."

"Papa, miye niliapa."

"Uliapa juu ya vita. Hii iko shabaha."

Nikamfuata. Alikuwa amevaa koti, na kola ilikuwa imenyooka. Ungekuwa wewe ungesema nini?

Mwenye loji alitupokea kwa heshima, akamwekea baba kiti chenye mto. Akafungua sanduku mezani. Nitasema kweli, kwa kuwa mimi si mtu wa kusifu vitu, wanunuzi wangu wote wanalijua hilo: ilikuwa nzuri. Ilikuwa sura ileile niliyoijua, mgongo uleule, mpini wa mti uleule, ila kila kitu kimesafishwa. Baba aliinama juu yake muda mrefu bila kuigusa. Kisha akaipitishia kidole.

"Njo ile ile," akasema. "Banaivalisha suti tu."

Mwenye loji akacheka kwa furaha, akasema ya kale ni dhahabu. Akatuonyesha mabadiliko. Vilengeo vya juu vilikuwa vikubwa na vyenye alama nyeupe, hata jicho la mzee lingeviona. Kufuli la kuzuia kifyatuo lilikuwa refu na liko pande zote mbili, kwa wenye kutumia mkono wa kushoto. Mlango wa shajeri ulikuwa umepanuliwa. Na nyuma, juu ya mpini, chuma kilikuwa kimerefushwa kama mkia ili nyundo isifike kwenye ngozi. Baba alitazama mkia ule, kisha akatazama kovu lake, na akasema basi hii haiumi. Mwenye loji akasema haiumi kabisa. Namjua baba yangu. Alikuwa ameudhika kidogo kwa niaba ya ile ya zamani.

Tukasimama nyuma ya kamba. Karatasi ya shabaha ilikuwa imepigiliwa kwenye ubao mbele ya kichuguu. Mwenye loji alinipa vifuniko vya masikio, akavaa vyake. Baba akakataa, akisema masikio yake yalishamaliza kazi zamani. Nikaishika bastola. Nilitarajia kuchukia. Nilikuwa nimejiandaa kuona mlango wa nyumbani kwetu na kaka yangu chini, na nilimwona, sitasema uongo, nilimwona wazi. Kisha mkono wangu ukajipanga wenyewe kwenye mpini, bega likashuka, pumzi ikatoka nusu ikasimama, kama baba alivyonifundisha, na kaka yangu akaondoka. Kikabaki kilengeo na karatasi.

Nikafyatua, nikafyatua tena. Sikuwa nimeshika bastola tangu nilipokuwa msichana, na risasi ziliingia kwenye karatasi zikikaa pamoja kama vifaranga. Mkono haukuumwa. Ila kilichonishangaza zaidi ni kifyatuo. Hakikuwa na mchanga. Kilikuja nyuma kidogo, kikasimama mahali fulani, kama mtu anayesubiri umwambie haya, kisha kikaachia safi. Hakikuvuruga lengo hata kidogo. Sikujua kwamba bastola ile ingeweza kuwa hivyo. Miaka yote ile ya Jumatatu nilidhani ule mkwaruzo ndio bastola yenyewe.

Nilicheka kwa sauti. Naandika hili kwa kuwa ni kweli na kwa kuwa linanisumbua. Mimi niliyeapa, mwenye ndugu kaburini, nilisimama kwenye mchanga wa Nchelenge nikicheka na bastola mkononi.

Mwenye loji akainua kifuniko kimoja cha sikio. "Unaona namna gani, mayo?"

Nikamweleza. Nilisema kifyatuo ni bora kuliko cha zamani, mara mbili bora. Nilisema vilengeo ni vya kweli. Nikabonyeza kitufe ili nibadilishe shajeri, na ikadondoka yenyewe moja kwa moja kwenye kiganja changu, bila kuvutwa, na hilo nalo nikalisifu. Nikasema hata mtu asiye na kucha angeweza. Alifurahi. Alikuwa na uso wa mtu aliyeambiwa mtoto wake anafanana naye.

Baba hakufurahi. Kila nilichosifu alikipokea kwa kuinua kidevu tu. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha mto, koti limefungwa vifungo vyote kwenye joto lile, na nikaelewa kwa kuchelewa kwamba mimi ndiye niliyekuwa naongea. Mwenye loji alikuwa ananiuliza mimi, macho yake yalikuwa kwangu, na mzee aliyeitwa kusema hakuwa amesema. Kazi ilikuwa inapita juu ya kichwa chake. Aliliona hilo kabla yangu.

Akainuka.

"Bon," akasema. "Bageni bako batakuya hapa. Batu habajue kintu. Bamama, bazee. Batakuwa na woga. Namna gani utabatoa woga?"

Mwenye loji akasema atawafundisha polepole. Baba akatikisa kichwa. "Nitakuonyesha. Jaza tena, mama. Piga mbili, tatu. Kisha utoe shajeri. Ile ya mu chemba ibakie."

Nilijua anachotaka kufanya. Moyo wangu, badala ya kuogopa, ulifurahi kwa ajili yake. Nilifikiri, haya, sasa amepata kitu ambacho hakuna mtu mwingine Nchelenge nzima anakijua, sasa watamtazama. Nikajaza. Mwenye loji alirudi mezani kufungua pakiti nyingine, mgongo wake kwetu, masikio yamefunikwa. Nikafyatua mara mbili. Nikabonyeza kitufe, shajeri ikaniangukia mkononi, nikaitia mfukoni. Risasi moja ilikuwa imebaki ndani ya chemba.

Baba akaja mbele yangu, akasimama kwa ubavu. Akanyoosha mkono wa kushoto, akafunika mdomo wa bastola kwa kiganja. Mkono ule uliotetemeka mchana kutwa ulitulia. Niliona hilo vizuri sana. Ulikuwa umetulia kama ukuta.

"Vuta, mama," akasema, na akageuza uso kutazama ziwa.

Nikaanza kuvuta.

Ningependa kusema nilikumbuka. Ningependa kusema niliunganisha mambo, kifyatuo kisicho na mchanga na shajeri inayodondoka yenyewe, nikaelewa kwa akili yangu kipi kilichokuwa kimetolewa ndani ya bastola ile. Sikuelewa kitu. Nilikuwa msichana wa Jumatatu na baba yangu alisema vuta. Kidole changu kilikwenda kutafuta ule ulegevu kilioujua, jino la mtoto, na hakikuukuta. Kilikuta uzito. Kilikuja nyuma kidogo, kikasimama mahali palepale nilipopasifu, kama mtu anayesubiri umwambie haya.

Nikaachia. Nikarudi nyuma hatua, nikaielekeza bastola chini.

"Inakuwa nini?" baba akauliza. Mkono wake ulikuwa bado uko hewani.

"Papa, hapana."

"Vuta. Haina roho."

"Siwezi."

Alinitazama, na sitausahau mtazamo ule. Haukuwa wa hasira. Ulikuwa wa mtu aliyekaribishwa mahali kisha akaambiwa hakuna kiti. Mwenye loji alikuwa amegeuka na anatuangalia. Baba akaona anatazamwa, akasema kwa sauti ya chini sana, ya aibu: "Mama, usinifanye hivi mbele ya mutu."

Nikageukia kichuguu. Nikanyoosha mikono, bastola haina shajeri, shajeri iko mfukoni mwangu, naisikia pajani. Nikavuta.

Ikalia. Udongo ukaruka kwenye kichuguu na ganda la risasi likaangukia mguuni pangu. Ndege wote wa ufukweni wakapaa. Sauti ilikwenda juu ya maji, ikarudi, kisha pakawa kimya, isipokuwa udongo uliokuwa bado unamwagika kidogo kidogo pale ulipotobolewa.

Mkono wa baba ulikuwa bado umenyooshwa. Alikuwa ameusahau. Kiganja kiko wazi, vidole vimetanuka kidogo, kinatazama mahali ambapo mdomo wa bastola ulikuwa muda mfupi uliopita. Mwenye loji akavua vifuniko vya masikio. Ilimchukua muda kuelewa kilichotaka kutokea, na alipoelewa, uso wake ukawa wa majivu.

"Shikulu," akasema, "ile kintu balitoa. Batu ya shabaha habaipendi, inaharibu gashete, kifyatuo inakuwa muzito. Nilizani munajua."

Hakuwa na kosa. Kwao walengaji lilikuwa jambo la kawaida, jambo la kusifiwa hata. Mimi mwenyewe nilikuwa nimelisifu kwa muda mrefu. Kila nilichokipenda kwenye bastola ile kilitoka hapo, kwamba kipande cha baba hakimo. Kipya kinyemi ingawa kidonda, walisema wahenga, na mimi nilikuwa nimekipima kidonda chenyewe nikakipa alama zote.

Niliiweka bastola mezani nikiwa nimeifungua, chemba tupu. Nikakaa kwenye kiti cha baba. Mwenye loji aliuliza tena kwamba basi, mayo, neno la mwisho ni lipi. Nikamwambia kwa shabaha ni nzuri kuliko ya zamani, hilo sitalibadilisha. Nikamwambia asimpe kamwe mtu aliyeizoea ile nyingine. Alikubali kwa kichwa. Kisha akasema, akiongea nami lakini macho yako kwenye meza, kwamba kazi ipo, na kwamba nije mimi. Shikulu apumzike.

"Eya mukwai," ndiyo bwana, baba akaitikia kabla yangu, kwa adabu kamili, kama alivyowajibu wakubwa wa kampuni. Akamshukuru kwa kiti.

Tulirudi kwa njia ya ufukweni. Wanawake walikuwa wanageuza chisense kwenye mchanga, wakatusalimu, mmoja akamtania baba kuhusu koti, kama anakwenda kuoa. Baba akapita. Alikuwa anatembea nyuma yangu. Tangu nizaliwe sijawahi kutembea mbele ya baba yangu, na sikujua niende kwa mwendo gani. Nikipunguza, naye anapunguza. Nililia njia nzima na nikashukuru kwamba hanioni uso.

Kazi ile sikuichukua, na siwezi kueleza vizuri kwa nini. Si kwa sababu ya kiapo. Nilikuwa tayari nimeshakivunja na nikacheka juu yake. Nadhani ni kwa sababu bado nasikia kwenye kidole changu ule mwendo mdogo, na mahali kilipokomea. Napima chumvi, nakamua nguo, nabonyeza simu, na mara kidole kinanikumbusha ni kidogo kiasi gani kilichokuwa kimebaki.

Nyumbani nilipika bukari, yaani ugali, na sombe ya majani ya muhogo, na samaki wa kukaanga, kwa sababu sikuweza kukaa bure. Baba alikuwa amevua koti na kulikunja juu ya kitanda. Alikaa mkekani akisubiri. Kwetu mtoto ndiye anayemwagia mzazi maji ya kunawa, kwa hiyo nikapiga magoti mbele yake na beseni na jagi. Alinyoosha mkono wa kulia peke yake, ule wenye kovu, ukitetemeka kama kawaida. Wa kushoto alikuwa ameukalia, chini ya paja.

Nikammwagia. Aliusugua mkono kwenye goti lake, kisha akaurudisha juu ya beseni.

"Ulianza kuvuta?" akauliza.

Nilifikiri kumdanganya. Sikujua ni uongo upi ungemfaa.

"Nilianza, papa."

"Kweli kweli?"

"Kweli."

Akaitikia kwa kichwa polepole, na uso wake ukafunguka, mara ya kwanza tangu tulipotoka loji. Aliridhika. Mzee yule aliyekosa kazi, aliyenusurika kutobolewa mkono na binti yake mwenyewe, aliridhika kwamba nilikuwa nimeanza kuvuta, kwamba neno lake nilikuwa bado naliamini. Mungu anisamehe, nilitaka kumtwanga na jagi lile.

"Na ile ingine, papa," nikasema.

Alisita. Kisha akautoa mkono wa kushoto chini ya paja, akaukunjua mbele yangu kidole kwa kidole, na akageuza uso akatazama mlangoni. Nikamwagia maji kwenye kiganja mpaka jagi likaisha.